Maganda ya jikoni ni mali, tusiyatupe

Siku ya gari la taka, nyumba nyingi za mjini Gisenyi hutoa magunia yaliyojaa nje ya lango. Fungua gunia moja utazame: maganda ya viazi na ndizi, majani ya kabichi, majivu. Yaani tunalipa ada ili tuondolewe mbolea, kisha tunakwenda dukani kununua mbolea nyingine! Bei ya hiyo ya dukani ilipopanda duniani kote mwaka 2022, kutokana na vita vya Ukraine, hakuna mkulima ambaye hakuihisi.

Mimi nilisoma ukimbizini, Karagwe nchini Tanzania. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwaka 1967, ilikuwa bado imeacha mashamba ya shule, na kutengeneza mboji lilikuwa somo kama hesabu. Leo wanafunzi wangu hunitajia naitrojeni, fosforasi na potasiamu bila kusita, lakini wengi hawajawahi kurundika majani yakaoza.

Wapo wasemao kwamba rundo litanuka na kuleta inzi, nasi tunasifiwa kwa usafi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini rundo linalonuka ni lile lililokosa hewa. Taka mbichi zikibanana hutoa methani, gesi ile ile iliyomo ndani ya Ziwa Kivu.

Dawa yake ni rahisi. Chagua kona yenye kivuli, mbali na kisima na ukuta wa jirani. Tandika mawe ya volkano ili maji yapite, kisha vijiti. Weka tabaka la vitu vikavu, kama majani na mabua ya mahindi, halafu maganda mabichi, na udongo kidogo juu. Vikavu viwe mara mbili au tatu ya vibichi. Mwenye ng'ombe wa Girinka aongeze samadi. Funika kwa majani ya migomba, maana mvua za Machi hadi Mei huosha rutuba. Geuza kila baada ya wiki mbili.

Ukitaka kujua hali yake, chomeka kijiti. Kikitoka na joto na unyevu, kazi inaendelea. Kikitoka kikavu, nyunyiza maji. Kikinuka, ongeza vikavu. Baada ya miezi mitatu au minne utapata mboji nyeusi inayonukia udongo wa msituni. Usitie nyama, mafuta, betri wala plastiki. Asiye na kiwanja atumie ndoo kuukuu iliyotobolewa.

Sisemi tuache mbolea ya dukani. Viazi vyetu hula sana, na mboji ya jikoni haitoshi shamba zima. Lakini huufanya udongo ushike ile tuliyoinunua isichukuliwe na maji.

Na maji tunayajua. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mto Sebeya ulifurika, na nchini watu zaidi ya 130 walipoteza maisha, wengi wao katika Mkoa huu wa Magharibi. Mboji haizuii balaa kama lile. Hata hivyo, udongo wenye mboji hunywa maji na kushikamana, ilhali udongo uliochoka huteremka mlimani hadi ziwani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Umuganda wa mwisho wa mwezi uchimbe ingarani moja ya pamoja katika kila mudugudu wa mjini. Na kila shule iwe na yake, kando ya akarima k'igikoni, mtoto ajifunze kwa mikono. Haba na haba hujaza kibaba. Nchi iliyoweza kupiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008 haiwezi kushindwa na maganda ya viazi.