KONA YA MWALIMU: Nyumba Tupu Ina Wenyewe

Mwezi huu nataka tuongee habari ya picha.

Juzi nilikuwa Majanji, kule Busia ya Uganda kando ya Ziwa Viktoria, kwenye matanga ya shangazi. Jioni nikatoka na simu kutembea. Wengine wanapiga picha za ziwa na mashua, lakini mimi nilivutiwa na ghala moja kuukuu. Paa hakuna, mti umeota ndani, na wapangaji ni mbuzi. Nilipoinua simu, mzee mmoja aliyekuwa anashona wavu akaniita.

“Wewe kijana, umeomba? Hiyo nyumba ina wenyewe.”

Nikamwambia, “Lakini mzee, si imeachwa?”

Akacheka. “Kuachwa si kukosa mwenyewe.”

Kumbe zamani Majanji ilikuwa bandari. Pamba ya upande wa Mbale ililetwa hapo kwa barabara, ikapakiwa melini kwenda Kisumu, ambako reli ya kutoka Mombasa ilifika mwaka 1901. Miaka ya 1920 reli ikajengwa hadi Tororo. Basi mizigo ikapanda treni, na bandari ikalala.

Nikirudi nilipitia Tororo, nikapiga picha za maduka ya zamani ya Wahindi. Hao hawakufukuzwa na reli. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 tu wawe wameondoka. Walifunga milango wakaacha kila kitu, na mali zao zikachukuliwa na serikali. Amin alianguka mwaka 1979. Sheria ya mwaka 1982 ikawapa wenyewe nafasi ya kudai, na miaka ya 1990 wengi walirudishiwa majengo. Mwenye karatasi zake alikuwa na pa kuanzia.

Nilipofika nyumbani nikamwonyesha mama zile picha. Akazitazama moja moja, kimya. Mwisho akauliza, “Na ya kwetu iko wapi?”

Sikuwa na jibu. Tulipokimbia Kenya mwaka 2008, tukapokelewa kambi ya Mulanda pale Tororo, nilikuwa mtoto na hatukubeba hata picha moja. Basi nikachukua daftari. Mama akasema, mimi nikachora: mlango ulitazama barabara, jiko upande wa mparachichi, kisima kwa jirani. Tulimaliza taa ikiwa karibu kuzimika. Mama alikuwa anacheka na kulia.

Ndugu zangu, fanyeni hivyo mwezi huu, na watoto wakae karibu wasikie:

1. Choreni nyumba mliyoacha. Andikeni kijiji, mipaka ya shamba na majina ya majirani wa kila upande.

2. Kama kuna hati, risiti au picha, pigeni kopi na muweke mbali na ile ya kwanza.

3. Mkipiga picha za majengo, ombeni kwanza. Msiingie ndani, kuta huanguka na nyoka wapo. Mpakani na karibu na askari, simu ikae mfukoni.

Sisemi mchoro utaturudishia shamba. Lakini mtoto wangu akiniuliza siku moja tulitoka wapi, sitaki nimjibu kwa kunyamaza.

Tukutane mwezi ujao. Ni mimi mwalimu wenu.