Mtoto Aliyeumizwa Hahitaji Kikao cha Ukoo



Wapendwa Taifa la Mungu, wahenga walituonya kwamba mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii twaijua sote. Lakini mtoto anapoumizwa ndani ya nyumba twatenda kinyume chake, kisha twakiita kinyume hicho busara. Binti anaacha kula, anarudia kukojoa kitandani akiwa na miaka 11, anashtuka kila mjomba aingiapo. Ukoo unaketi, faini inalipwa, wazee wanapeana mikono na kusema: "Tumeyamaliza." Nauliza, mmeyamaliza kwa faida ya nani? Mwenye jeraha hakuwamo kikaoni, wala faini haikumfikia.

Utafiti wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, matokeo yake yakatolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walitendewa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Tusijidanganye kwamba hao wote waliishi nje ya jumuiya zetu ndogondogo.

Wapo wanaosema kwamba kumpeleka mtoto kwa mshauri nasaha ni kukosa imani, yatosha kumwombea. Hoja hii haina mizizi katika imani yetu. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anamfundisha mgonjwa kusali, na papo hapo anamwagiza amheshimu tabibu, kwa kuwa naye ameumbwa na Mungu. Mtoto akipata malaria, hakuna mzazi anayeikataa dawa mseto kwa sababu amekwisha kusali rozari. Kwa nini basi jeraha la nafsi lipewe rozari peke yake? Na kwa nini tukisikia habari za mtaalamu wa afya ya akili tunacheka na kuitaja Mirembe, kana kwamba hospitali ni tusi?

Wengine humleta mtoto kwa padre "aungame". Lakini kitubio ni kwa ajili ya dhambi. Mtoto aliyetendewa ukatili hana dhambi katika jambo hilo. Padre amesomea falsafa na teolojia; aweza kusikiliza, kufariji na kuonyesha njia, lakini hachukui nafasi ya mwanasaikolojia, daktari wala polisi. Hata baraza la usuluhishi linalotambuliwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 liliwekwa ili kuwapatanisha mume na mke. Halikuwekwa ili kumsuluhisha mtoto na aliyemnajisi.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtwika kila mwanajamii wajibu wa kutoa taarifa kwa serikali ya mtaa anapojua kwamba haki za mtoto zinavunjwa. Anayenyamaza, basi, hahifadhi heshima ya familia, anamhifadhi mkosaji.

Wapo watakaojibu kwamba maafisa ustawi wa jamii ni wachache na ofisi zao ziko mbali. Ni kweli, na halmashauri zetu zastahili kuulizwa kwa nini barabara hupata fungu kabla ya mtoto. Lakini uchache wa milango si sababu ya kutobisha hata mmoja. Namba 116 hupigwa bila malipo. Dawati la Jinsia na Watoto lipo katika vituo vingi vya polisi. Na mtoto aliyebakwa afikishwe hospitali siku hiyohiyo, kwa maana dawa ya kuzuia maambukizi ya VVU hufaa ikianzwa ndani ya saa 72. Kikao cha ukoo, aghalabu, huitishwa Jumapili inayofuata.

Nawaagiza viongozi wa jumuiya: wiki hii namba 116 ibandikwe kwenye ubao wa matangazo, chini ya ratiba ya Misa, kwa herufi kubwa, na kwa kimo ambacho mtoto wa darasa la pili aweza kuisoma.

Mungu awabariki.