Mzazi Naye Ataka Fundi

Wanachama, mkarafuu ukinyauka twamwita bwana shamba siku ile ile. Lakini mzazi akiumwa chuchu huambiwa avumilie, na mtoto wa mwezi mmoja hupewa uji. Huko ndiko kuharisha kunakoanzia. Mara nyingi kosa ni dogo: mtoto kashika chuchu tupu, hakulijaza ziwa kinywani. Mkunga wa kituo cha afya hulirekebisha kwa kumpakata vizuri tu. Miezi 6 ya mwanzo maziwa ya mama yatosha, hata maji hayatakiwi. Na maziwa ya kwanza, dang'a, yasimwagwe, hata bibi akisema nini.

Mchumaji hulipwa kwa pishi. Kwenda kituoni ni kupoteza kutwa nzima. Basi msimu huu Chama kimwombe mkunga apite kambini kila juma, na nauli yake tuilipe sisi.