Ukubwa wa Risasi Hauondoi Umbali

Katika majimbo ya magharibi ya Marekani, kama vile Montana na Wyoming, wako wawindaji ambao hawaridhiki na bunduki za dukani. Huagiza kwa fundi bunduki inayotengenezwa kwa ajili ya mtu mmoja: mtutu wake huchaguliwa kwa uangalifu, kitako chake hupimwa kwa bega la mwenyewe, na darubini yenye nguvu hufungwa juu yake. Swali linalowashughulisha kuliko yote ni la risasi. Itumike risasi gani ili kumwangusha wapiti, jamii ya kulungu mwenye uzito wa kilo 300 hivi, kwa umbali wa mita 800 au hata 1,000? Jibu linalotolewa mara nyingi ni kwamba itumike iliyo kubwa zaidi. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini fizikia inayofundishwa katika shule za sekondari yatosha kuonyesha kuwa halitoshelezi.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba, kiwashio kilichoko kwenye kitako cha ganda, baruti iliyo ndani yake, na kichwa cha risasi ambacho ndicho hasa huruka. Ukubwa wa risasi hutajwa kwa kipenyo cha kichwa hicho. Risasi ya .375 H&H Magnum, iliyotolewa na Holland & Holland wa London mwaka 1912, ina kipenyo cha milimita 9.5 hivi. Kichwa chake cha gramu 19.4 hutoka mtutuni kwa kasi ya mita 770 hivi kwa sekunde. Mwanafunzi akichukua nusu ya tungamo na kuizidisha kwa kasi ya kipeo cha pili, atapata nishati ya jouli 5,750 hivi. Hizo ndizo tarakimu zinazowavutia wanunuzi.

Lakini tarakimu hizo ni za mdomo wa mtutu, na mnyama hayuko hapo. Tuseme bunduki inatumia risasi ya .338 Lapua Magnum, ambayo hupendwa sana na walengaji wa mbali. Kichwa chake cha gramu 16.2 huanza safari kwa mita 900 hivi kwa sekunde, kikiwa na nishati ya jouli 6,560. Kufikia mita 1,000, ukinzani wa hewa umekwisha kuila kasi hiyo hata nishati iliyobaki ni chini ya theluthi moja ya ile ya mwanzo. Safari yenyewe imechukua sekunde moja na nusu hivi.

Muda huo mfupi ndio kiini cha jambo. Katika sekunde moja na nusu, nguvu ya uvutano wa dunia hukishusha kichwa cha risasi karibu mita 10 chini ya mstari wa mtutu. Mwindaji hufidia anguko hilo kwa kuinua mtutu, lakini hana budi kuujua umbali kwa usahihi mkubwa. Akikosea kwa mita 20 tu, risasi itapita sentimita 30 hivi juu au chini ya shabaha. Upepo nao una hesabu yake. Kama pasingekuwa na hewa, safari ile ingechukua sekunde 1.1. Tofauti kati ya muda huo na muda halisi ni sekunde 0.4 hivi, izidishwe kwa upepo wa ubavuni wa mita 3 kwa sekunde, na risasi itakuwa imesukumwa zaidi ya mita moja kando. Sehemu ya moyo na mapafu ya mnyama huyo ina upana wa sentimita 40 hivi tu.

Hata kama mwindaji angeujua umbali na upepo bila kosa, liko jambo ambalo hakuna chombo kinachoweza kulipima: nia ya mnyama. Mnyama anayetembea polepole, kwa mita 1.2 kwa sekunde, husogea karibu mita 2 kabla risasi haijafika. Akipiga hatua mara tu baada ya kifyatulio kuvutwa, risasi iliyolengwa moyoni huishia tumboni, naye hukimbilia msituni akafe kwa saa nyingi za mateso.

Watetezi wa risasi kubwa husema kwamba kichwa kizito na chembamba hupoteza kasi polepole na husukumwa kidogo na upepo. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini huupunguza muda wa safari kwa sehemu ndogo tu ya sekunde, tena kwa gharama. Kwa kanuni ya Newton, momenta ya risasi hurudi begani. Bunduki ya kilo 4.5 inayofyatua risasi ya .375 hurudi nyuma kwa zaidi ya mita 3 kwa sekunde, na gesi ya baruti huongeza kasi hiyo. Mpigaji anayeogopa pigo hilo hufumba macho na kuutikisa mtutu kabla ya wakati. Hivyo risasi iliyonunuliwa ili kuleta uhakika huuondoa.

Historia ya Afrika Mashariki ina ushahidi wake. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mskochi W. D. M. Bell aliwinda tembo Karamoja, katika Uganda ya leo. Aliua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa risasi ya milimita 7 tu. Mauaji hayo ya kutafuta pembe si ya kusifiwa, lakini sababu ya risasi ndogo kutosha inafundisha: Bell alipasua fuvu la tembo ili ajue ubongo ulipo, kisha alimsogelea mnyama hadi karibu. Katika nchi kadhaa za Afrika, sheria hudai kipenyo kisichopungua .375 kwa wanyama wa hatari, na ni haki, kwa kuwa nyati aliyejeruhiwa huweza kumwua mwanakijiji asiyehusika kamwe na uwindaji huo. Hata hivyo, risasi hiyo hutumiwa kwa umbali wa makumi ya mita.

Yafaa basi mpango wa uchaguzi ugeuzwe. Kwanza uamuliwe umbali ambao mpigaji huyo, kwa mkono wake na katika upepo wa kweli, hupiga shabaha ya sentimita 20 kila mara. Halafu itafutwe risasi inayotosha kwa mnyama huyo katika umbali huo, wala isizidi kile bega linachoweza kustahimili. Mnyama akiwa mbali zaidi, mwindaji asogee. Akishindwa kusogea, aache. Walimu nao wanaweza kuzitumia hesabu hizi darasani, ili wanafunzi wazoee kuuliza, kila waonapo tarakimu kubwa katika tangazo, ilipimwa wapi.