Mkeka Ukitoka na Hukuchaguliwa

Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596 za kazi, na waombaji wakafika 135,027. Ina maana kwa wastani kila nafasi iligombewa na watu zaidi ya 84. Tuseme wote hao wangekuwa wahasibu na wanasheria hodari, wenye nidhamu, waliojiandaa usiku na mchana. Bado 133,431 wangerudi nyumbani mikono mitupu.

Hesabu hii husahaulika upesi mkeka, yaani orodha ya matokeo ya usaili, unapotoka. Kijana anashusha faili kwenye simu, anapekua kurasa akitafuta namba yake ya usaili, anaiona, anafuata mstari kwa kidole hadi mwisho, na pembeni ya alama zake anakuta hakuchaguliwa. Kuanzia siku hiyo ukoo mzima unajua jambo moja: mtoto wa fulani amefeli. Nadhani ukoo unakosea, na kosa hilo linawagharimu vijana wetu miaka yao mizuri.

Mtihani wa kidato cha nne hupima kama unajua. Usaili wa mchujo hufanya jambo jingine: hupanga watu kwa mstari, kuanzia wa juu hadi wa chini, kisha hukata pale nafasi za hatua inayofuata zinapoishia. Alama zile zile zinaweza kumvusha mtu kwenye kada moja na kumwangusha kwenye kada nyingine, kwa sababu tu huku waliomba wachache na kule waliomba wengi. Kwa hiyo mstari ule kwenye faili unaeleza ukubwa wa foleni kuliko unavyoeleza uwezo wa mtu.

Foleni yenyewe si mpya. Juni 2014 zaidi ya vijana 10,000 walijaa Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam, kwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha za majukwaa yale zilitushtua. Leo maombi yanapita kwenye mfumo wa Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na umati ule hatuuoni tena kwa macho, lakini umekua. Hata walimu, ambao kwa miaka mingi walimaliza chuo wakasubiri kupangiwa vituo, sasa wanapita kwenye usaili kama wengine.

Mtu aliyekosa husikia ushauri wa aina mbili. Wazazi na wajomba humwambia akomae, aombe tena, kazi ya serikali ina uhakika. Wanasiasa na wahamasishaji humwambia aachane na ndoto za ajira, ajiajiri. Kila upande una sehemu ya ukweli, lakini hakuna hata mmoja unaomwonyesha pa kuanzia Jumatatu asubuhi.

Tuanze na wa kwanza, kwa sababu ndio wenye nguvu zaidi majumbani. Siwalaumu wazazi. Mtumishi wa umma ana mshahara unaoingia kila mwezi, ana bima ya afya, ana pensheni, na akishapata cheki namba, yaani namba yake kwenye orodha ya mishahara ya serikali, benki inamkopesha bila kumuuliza hati ya nyumba. Mzazi aliyeuza ng'ombe kusomesha ana haki ya kuutamani uhakika huo. Tatizo ni kwamba matangazo mengi ya ajira za serikali huruhusu mwombaji hadi umri wa miaka 45, na hayaweki ukomo wa idadi ya majaribio. Ukimaliza chuo na miaka 24, mlango unakaa wazi miaka 21. Hiyo ni huruma kwa aliyechelewa kusoma, na ningeilinda. Kwa asiyejiwekea tarehe, hata hivyo, mlango usiofungwa humweka mtu barazani. Hajaingia, wala hajaondoka. Anakataa mkataba wa miezi sita kwa kuhofia kuitwa usaili katikati. Anaahirisha kujifunza ufundi, kuhama mji, hata kuoa, kwa sababu tangazo litatoka.

India wamekwenda njia tofauti. Mtihani wao wa utumishi wa umma, unaosimamiwa na tume iitwayo UPSC, una hatua tatu: mchujo wa kwanza, kisha karatasi tisa za kuandika, kisha mahojiano ya ana kwa ana. Mwombaji wa kundi la jumla anaruhusiwa kujaribu mara sita, na mwisho ni umri wa miaka 32. Makundi yaliyobaguliwa kihistoria hupewa nafasi zaidi. Katika mtihani wa mwaka 2024 waliomba watu 992,599, wakafika mahojiano 2,845, wakapendekezwa kuajiriwa 1,009. Ukomo huo haujaondoa maumivu. Katika mitaa ya Delhi kama Mukherjee Nagar na Old Rajinder Nagar, vijana hupanga vyumba vidogo kwa miaka mingi, wanasoma mchana na usiku kwenye vituo vya kujinoa, na Julai 2024 watatu walikufa maji baada ya mafuriko kuingia kwenye maktaba ya chini ya ardhi ya kituo kimoja. Lakini ukomo unafanya kazi moja ambayo mfumo wetu haufanyi: unamlazimisha mtu kujiuliza, akiwa bado na nguvu, nisipopata nitakuwa nani?

Filamu ya 12th Fail ya mwaka 2023, iliyotokana na maisha ya ofisa wa polisi Manoj Kumar Sharma, ilipendwa sana kwa sababu shujaa wake anafaulu katika jaribio lake la mwisho. Ni simulizi ya kweli na inatia moyo. Mimi huihofia kidogo inapotumiwa kama ushauri. Wanaosimuliwa ni waliofika. Maelfu waliofanya bidii ile ile wakaishia njiani hawatengenezewi filamu, na ndio wengi.

Ushauri wa pili, wa kujiajiri, hutolewa kwa wepesi unaoniudhi. Mhitimu asiye na dhamana hapewi mkopo wa benki. Mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ipo, na asilimia 4 ni ya vijana, lakini hutolewa kwa vikundi na huhitaji wenzako mnaoaminiana, wazo linaloeleweka na subira ya kufuatilia makaratasi. Wakati huohuo, kama alisoma kwa fedha za Bodi ya Mikopo, muda wa kuanza kurejesha hufika miezi 24 baada ya kumaliza masomo, awe na kazi ya maana au asiwe nayo. Kumwambia mtu wa namna hii ajiajiri, ukaishia hapo, ni kumkwepa.

Njia ninayoiona yenye akili inaanzia kwenye kile ambacho usaili wenyewe ulimwachia. Tumchukue mhitimu wa uhasibu aliyekosa nafasi ya ofisa kodi. Kwa miezi kadhaa amesoma sheria ya kodi ya mapato, sheria ya VAT, taratibu za usimamizi wa kodi. Nje ya ofisi za mamlaka kuna mwenye duka la vifaa vya ujenzi anayetetemeka akiona barua ya kodi. Hajui kwamba makato ya kodi za mishahara ya vijana wake yanatakiwa kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, wala kwamba ritani ya VAT mwisho wake ni tarehe 20. Risiti za mashine ya EFD anazihifadhi kwenye boksi la viatu, wino umefifia, za Machi zimechanganyika na za Agosti. Kijana wetu anaweza kuzipanga kwa wiki moja, akamfungulia daftari la mauzo na manunuzi, akamwonyesha wapi analipa faini bure. Kujitangaza kuwa mshauri wa kodi kunahitaji usajili, na asivunje sheria hiyo. Kuajiriwa dukani kama mtunza vitabu ni jambo jingine. Maduka matatu ya namna hiyo yatamlipa kodi ya chumba, yatamlipia ada ya mitihani ya Bodi ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu inayofanyika Mei na Novemba, na yatampa kitu ambacho mkeka hauwezi kukifuta, yaani uzoefu wenye majina ya watu wanaoweza kuulizwa.

Tangazo jingine likitoka, aombe. Safari hii ataingia chumba cha usaili akiwa na mambo ya kusimulia. Akiulizwa changamoto za walipakodi wadogo hatajibu kwa kukariri.

Si kila taaluma ina mlango mwepesi kama huu. Mwalimu wa historia hana duka la kumngoja, na shule nyingi binafsi hulipa kidogo na kwa kuchelewa. Kwake pengine safari inapita kwenye vyuo vya ufundi vya VETA, au kwenye mafunzo ya utarajali yanayoratibiwa na Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA, na inaweza kumaanisha kubadili kazi kabisa. Jambo hilo linauma na hatupaswi kulipamba. Mtu aliyejiita mwalimu tangu darasa la tano anapoanza kujifunza umeme wa magari anapoteza sehemu ya nafsi yake, na familia inayomcheka inamwongezea mzigo usio wa lazima.

Hapa kuna jambo la koneksheni, ambalo halikosekani kwenye mazungumzo ya vijiweni. Wengi waliokosa huamini kwamba hakuna anayepata bila mtu wa kumshika mkono. Iwe kweli katika usaili fulani au isiwe, imani hiyo inaharibu pande zote mbili: mwombaji haoni sababu ya kuchunguza alipokosea, na anayepata kwa jasho lake anaonekana mwizi. Tiba yake ni uwazi, na uwazi uliopo hautoshi. Kuona alama yako kwenye orodha si sawa na kujua ulipoteza wapi. Mtu aliyepata 48 angefaidika sana kuambiwa kwamba sheria aliijua lakini hesabu zilimwangusha. Angejua akajifunze nini, au angejua kwamba kada hii si yake.

Serikali imepiga hatua ambazo zinastahili kusemwa. Usaili wa kuandika umeanza kufanyika kwa mfumo wa kidijitali katika mikoa wanakoishi waombaji. Si jambo dogo, kwa sababu msailiwa hujigharamia mwenyewe usafiri, chakula na malazi, na kwa anayetoka Kigoma au Mtwara nauli ya kwenda Dodoma na kurudi, bahasha ya vyeti halisi mkononi, ilikuwa mara nyingi ni mtaji wa biashara ndogo uliokwenda na maji. Ipo pia kanzidata ya Sekretarieti, ambamo huhifadhiwa wale waliofaulu hadi hatua ya mwisho lakini nafasi zikaisha, ili nafasi nyingine ikitokea serikalini waitwe bila kurudia usaili.

Kanzidata hiyo ndiyo naona tunaitumia kwa ufinyu. Watu waliomo wamehakikiwa vyeti, wamepimwa kwa kuandika, wamehojiwa na jopo. Kampuni binafsi inayotafuta mhasibu au ofisa ugavi hulipa fedha nyingi kufanya kazi hiyo hiyo upya, na mara nyingi huishia kuajiri mpwa wa meneja. India wameliona hili: tume yao ina mpango, ambao mwaka 2025 ulipewa jina la PRATIBHA Setu, wa kuwapa waajiri waliosajiliwa taarifa za watahiniwa waliofika mahojiano wakakosa nafasi na wakaridhia taarifa zao zitolewe. Katika mtihani ule wa 2024 watu 1,836 walifika mahojiano na hawakupendekezwa. Mpango wa namna hii unamwezesha mwajiri kuwatambua kuwa ni watu waliokaribia kilele, badala ya kuona tu pengo la miaka kwenye wasifu wao.

Haki inadai hivyo pia. Serikali inapovutia waombaji 84 kwa kiti kimoja, inapokea kutoka kwa 83 muda wao, nauli zao na matumaini yao, na inafaidika, kwa sababu wingi huo ndio unaoiwezesha kuchagua bora. Haiwezi kuwaajiri wote, na hakuna anayeitaka ifanye hivyo. Inaweza kuwarudishia kitu: matokeo yaliyochambuliwa, na kwa waliofika mbali, uthibitisho unaoheshimika nje ya utumishi wa umma.

Wewe uliyeona namba yako bila kuchaguliwa, jiwekee leo mwaka ambao hutavuka ukiwa unasubiri tu, uwataarifu wazazi, na utafute kazi ya kwanza inayogusa ulichosomea hata kama malipo yake ni ya aibu kidogo. Baba na mama, acheni kumuuliza kila wiki kama ameitwa. Muulizeni kazi aliyoipata inaendeleaje. Na Ofisi ya Rais inayosimamia utumishi wa umma, ifungulieni sekta binafsi kanzidata hiyo, kwa ridhaa ya waliomo, kabla ya tangazo kubwa lijalo la ajira. Majina yamo tayari, yamehakikiwa, na wenye majina hayo wako mtaani.