Tremblay: wingi usio na ufalme
Jina la ukoo likijaa kila mtaa, watu hukimbilia kudhani kwamba chanzo chake ni kabila kubwa au nyumba ya watawala. Jina Tremblay linaikanusha dhana hiyo. Nchini Ufaransa, lilikoanzia kwenye vijiji vyenye miti ambayo majani yake hutetemeka hata kwa upepo mdogo, halimo kabisa katika majina yanayoongoza. Huko Quebec, Kanada, ndilo la kwanza. Chimbuko la karibu wote wenye jina hilo huko ni Pierre Tremblay, kibarua wa mkataba kutoka Randonnai, eneo la Perche, aliyevuka bahari mwaka 1647 na kumwoa Ozanne Achon mwaka 1657. Walijaliwa watoto 12. Atatokea wa kusema basi siri ni uzazi tu. Hapana: familia kubwa zilikuwa kawaida katika koloni lile la Ufaransa, na mabinti, wazae wawezavyo, hawakurithisha jina. Kilichomfaa Pierre ni wana wanne waliokua, wakaoa na kupata watoto wa kiume (bahati, tuseme wazi), kisha vizazi vyao vikatulia Charlevoix, eneo la Quebec ambako wageni walikuwa haba, na kuanzia 1838 vikamiminika katika eneo la Saguenay kufyeka misitu na kulima. Anayeng'ang'ania kwamba wingi huo ni ushahidi wa damu bora anasahau kwamba wajukuu wa Pierre kwa mabinti zake walirithi damu ileile, ila vizazi vyao leo vinaitwa majina mengine kabisa.