Barazani Mwetu: Ukihitimu, Deni Ni la Nani?

Safari hii barazani tumelileta swali ambalo huzuka kila majoho ya mahafali yanapoonekana: mtu akishapata shahada, ana deni kwa nani?

Nyumbani jibu linajulikana. Wadogo zako wanangoja ada, na shangazi aliyeko Bukavu au Kigoma anangoja simu yako. Hatulipingi jibu hilo, maana ndilo lililotusomesha sisi. Lakini yupo mhitimu wa mji huu aliyelipanua, na tunaona inafaa tumjue.

Dkt. Imtiaz Sooliman alizaliwa Potchefstroom mwaka 1962, akasoma hapa Durban katika shule ya Sastri College, kisha akahitimu udaktari mwaka 1984 katika Chuo Kikuu cha Natal, ambacho leo ni sehemu ya Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Akawa anatibu watu Pietermaritzburg. Agosti 1992, akiwa Istanbul, shehe mmoja wa Kisufi alimwagiza aanzishe shirika la kusaidia watu wa kila dini na kila rangi, bila kutazamia chochote, hata shukrani. Alikuwa na miaka 30. Jina alilopewa ni la Kiarabu, Waqful Waqifin, na sisi wasema Kiswahili tunalisikia neno letu wakfu humo ndani. Wengi wanalijua shirika hilo kwa jina la Gift of the Givers.

Wakati wa vita vya Bosnia, shirika lilitengeneza hospitali ndani ya makontena na kuipeleka huko. Mwaka 2010 timu zake zilikwenda Haiti baada ya tetemeko, na mwaka 2011 madaktari na wauguzi wake wakaenda Mogadishu wakati wa njaa. Aprili 2022, mafuriko yalipoua zaidi ya watu 400 katika jimbo letu, lilileta maji na chakula hapa hapa Durban.

Zipo fedha za wafadhili katika kazi hizo, lakini wapo pia watu waliotoa likizo zao na ujuzi wao. Kutoa ni moyo, wahenga walisema, usambe ni utajiri. Basi sisi, ambao mfukoni tuna nauli ya basi tu, tuna nini cha kutoa?

Tuna Kiswahili. Hospitalini hapa watu huhudumiwa kwa Kizulu na Kiingereza. Mama aliyefika juzi kutoka Uvira hajui hata kimoja, kwa hiyo huenda na mtoto wake. Wengi wetu ndio tulikuwa watoto hao, tukiwa bado na sare za shule ya msingi. Mtoto anatakiwa kumuuliza mama yake habari za hedhi, au kumwambia baba yake kwamba uvimbe ule si wa kawaida. Mzazi anaficha nusu kwa aibu, mtoto anaficha nusu nyingine kwa hofu, na daktari anatibu kinachobaki.

Kazi hiyo inafaa kufanywa na mtu mzima asiye wa familia, na nia njema haitoshi. Muuguzi akisema kwa Kiingereza kidonge kimezwe “eight o'clock”, kwetu ni saa mbili. Anayetafsiri namba tu atasema saa nane, na mgonjwa atameza dawa saa sita baadaye. Tena Wakongo wengine wamezoea kuhesabu saa kwa Kifaransa, kwa hiyo lazima uulize kwanza. Kiswahili cha jikoni pia hakikutufundisha kongosho, ganzi wala mfuko wa uzazi.

Ndiyo maana tunapendekeza chama kianze na masomo kabla ya kwenda popote. Walimu, tunaomba saa moja kila wiki ya msamiati wa afya, na mtusahihishe bila huruma. Wenzetu wa uuguzi na udaktari, tuelezeni lipi halitakiwi kutoka nje ya chumba cha daktari. Wanachama wengine, mpeni katibu majina yenu na saa mnazoweza kweli, si mnazotamani. Mama akiambiwa mkalimani atakuja Jumamosi, mkalimani awepo.